Kubebewa mimba: wakala asiyebanwa na sheria ni dalali

Swali la kubebewa mimba limeanza kuulizwa Mtwara na Lindi, kwa sauti ya chini, na mara nyingi huulizwa na watu waliokwisha kuzunguka kwa waganga na hospitali wakarudi na jibu lisilobadilika: mke hana kizazi, au anacho lakini hakiwezi kuhimili mimba. Wapo waliotolewa kizazi ili waokolewe maisha, pale kilipochanika au damu ilipokataa kukatika wakati wa kujifungua. Mtu wa namna hiyo akishaelezwa kwamba yai lake na mbegu ya mumewe vinaweza kuunganishwa maabara, na kiinitete kikapandikizwa katika kizazi cha mwanamke mwingine, hahitaji tena hotuba kuhusu maajabu ya sayansi, ambayo kwa kweli si mapya, maana mtoto wa kwanza wa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Anachotaka kujua ni njia. Je, apitie kwa wakala anayejitangaza mtandaoni, pengine wa Nairobi au wa mbali zaidi, au amtafute mwanamke wanayefahamiana na wakubaliane wenyewe?

Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia katikati. Kabla ya kulinganisha wakala na makubaliano ya mtu kwa mtu, inabidi kuuliza ni kitu gani kinachombana wakala huyo, na akikosea nani atamuuliza. Sisi wa kusini tunalijua jambo hili kutokana na korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika msimu wa 2007/2008, mkulima amekuwa akinung'unikia makato ya chama cha msingi na malipo yanayochelewa, na mara nyingi ananung'unika kwa haki. Hata hivyo anajua mzigo wake uko ghala gani, mnada ulifanyika lini, na Bodi ya Korosho ofisi zake ziko hapa hapa Mtwara. Aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni asiye rasmi, alipata fedha mapema, kwa kipimo cha mnunuzi, na hana pa kwenda kulalamika. Wengi wanapolitazama suala la kubebewa mimba hudhani wakala ndiye chama cha msingi, na mtu kwa mtu ndiyo kangomba. Katika nchi zenye sheria huenda ikawa hivyo. Kwetu, ambako hakuna sheria mahsusi ya kubebewa mimba wala mamlaka inayotoa leseni kwa mawakala wa aina hiyo, wakala mwenyewe ndiye anayekuja na kipimo chake.

Ni vizuri kwanza kujua wakala wa kweli analipwa kwa kazi gani. Anatafuta na kuchuja wanawake walio tayari kubeba mimba, anawakutanisha na wanandoa wanaotafuta mtoto, anahakikisha fedha zinawekwa mahali salama na kutolewa kwa awamu, na anaratibu hospitali, wanasheria na bima hadi mtoto akabidhiwe. Nchini Marekani, safari nzima hugharimu kwa kawaida kati ya dola 100,000 na 200,000, yaani takriban shilingi milioni 250 kwa kiwango cha chini kabisa, na ada ya wakala peke yake mara nyingi huwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Ada hiyo ndiyo inayowafanya wengine waamue kwenda peke yao. Lakini uchujaji si kazi ndogo. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani, ASRM, unataka mbeba mimba awe na umri wa kati ya miaka 21 na 45, awe amewahi kubeba angalau mimba moja hadi mwisho bila matatizo makubwa, asiwe amezaa zaidi ya mara tano wala kujifungua kwa upasuaji zaidi ya mara tatu, afanyiwe tathmini ya kisaikolojia, na awe na mwanasheria wake tofauti na wa wanandoa. Sharti la kuwa amewahi kuzaa lina sababu mbili: mwili wake umeshajulikana unavyobeba, na yeye mwenyewe anajua anachokubali.

Je, mawakala hufanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa sababu tu wanalipwa? Historia inasema hapana. Kesi iliyoufanya ulimwengu mzima ujadili suala hili, ile ya mtoto aliyejulikana kama Baby M, ilizaliwa ndani ya mikono ya wakala. Mtoto huyo alizaliwa New Jersey mwaka 1986, kwa yai la mbeba mimba mwenyewe, Mary Beth Whitehead, aliyeahidiwa dola 10,000; kituo cha New York kilichomkutanisha na akina Stern, wanandoa waliotaka mtoto, kililipwa dola 7,500. Baada ya kujifungua, mama huyo alishindwa kuachana na mtoto. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliubatilisha mkataba, ikampa baba, Bwana Stern ambaye mbegu ilikuwa yake, malezi ya mtoto, na ikamrudishia Bi Whitehead hadhi yake ya mama na haki ya kumwona mwanawe. Kilichonishtua katika hukumu ile si ubishi wa nani ni mzazi. Ni kwamba mtaalamu wa saikolojia aliyempima mwanamke huyo kwa niaba ya kituo alikuwa ameandika mapema kwamba huenda ingemwia vigumu kumtoa mtoto, na akashauri achunguzwe zaidi. Kituo hakikuchunguza zaidi. Hakikuwaambia akina Stern, wala hakikumwambia Bi Whitehead. Uchujaji ulifanyika, karatasi ikawekwa kwenye jalada, na biashara ikaendelea, na mahakama haikusita kusema kwamba tamaa ya faida ndiyo iliyoshinda.

Upande wa fedha nao una mfano wake. Mwaka 2009 wakala aliyeitwa SurroGenesis, wa Modesto, California, alifunga milango ghafla. Wanandoa waliokuwa wameweka fedha zao katika akaunti ya amana, wakiamini inaendeshwa na kampuni nyingine isiyohusiana na wakala, waligundua kwamba kampuni hiyo na wakala vilikuwa vya mtu mmoja. Wanawake waliokuwa tayari na mimba waliacha kulipwa, na bili za hospitali zikakosa mwenyewe. Baada ya hapo ndipo California ilipotunga masharti kwamba fedha za wateja zikae kwa mtunza amana asiye na uhusiano wa kifedha na wakala, au katika akaunti ya wakili, na baadaye ikaongeza kwamba kila upande uwe na wakili wake kabla ya matibabu kuanza. Maana yake ni kwamba usalama ambao leo unasifiwa katika matangazo ya mawakala wa California hawakuubuni wao. Waliwekewa na Bunge baada ya watu kulizwa.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Sheria ya mwaka 1985, iliyotungwa haraka baada ya Kim Cotton kulipwa pauni 6,500 kwa kuzaa mtoto wa watu wengine, ilifanya uwakala wa biashara kuwa kosa la jinai. Kinachoruhusiwa ni taasisi zisizotafuta faida, na mbeba mimba hulipwa gharama zinazokubalika tu. Mkataba hauwezi kutekelezwa mahakamani. Aliyejifungua ndiye mama kisheria, hata kama yai si lake, mpaka mahakama itoe amri ya uzazi, yaani ya kuwatambua wanandoa kuwa wazazi, na ridhaa yake haihesabiki ikitolewa kabla ya wiki sita kupita tangu kujifungua. Katika mazingira hayo wapo wanaokwepa hata taasisi na kukutana mtandaoni. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya huko iliamua mtoto mmoja abaki na mwanamke aliyemzaa, baada ya makubaliano yasiyo rasmi kati yake na wanandoa waliokutana naye kwa njia ya intaneti kuvunjika. Tume za sheria za Uingereza zilipotoa ripoti mwaka 2023 zilipendekeza kwamba wanaopitia taasisi zisizo za faida na zinazosimamiwa watambuliwe kuwa wazazi tangu mtoto anapozaliwa, na wanaojipangia wenyewe waendelee kusubiri amri ya mahakama. Mzaliwa wa Newala au Nachingwea anayeishi Manchester ana chaguo la kweli mbele yake, kwa sababu kila njia ina matokeo yake kisheria, na kwake ningesema bila kusita apitie taasisi.

Aliyeko Masasi hali yake ni tofauti, na hapa ndipo nataka kukaa zaidi.

Makubaliano ya mtu kwa mtu yana mvuto ambao mchambuzi wa mjini hapaswi kuudharau. Kwanza, fedha yote inakwenda kwa mwanamke anayebeba mzigo na kwa matibabu yake. Pili, si jambo geni kabisa katika desturi zetu: mtu kumpa dada yake asiyejaliwa mtoto mmoja amlee ni jambo linalotokea katika koo nyingi, na mtoto hukua akijua nani alimzaa na nani alimlea bila mtu yeyote kuitwa mwizi. Tatu, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na ijapokuwa dini na maisha ya mjini vimeulegeza utaratibu huo, mjomba bado ana sauti katika vikao. Kwa hesabu hiyo, mimba ikibebwa na ndugu wa mke wa tumbo moja, mtoto anabaki katika ukoo uleule hata wakija wabishi, ilhali ikibebwa na mgeni au na ndugu wa upande wa mume, wajomba wa aliyebeba wanaweza kuja kudai kuwa na neno juu ya mtoto ambaye kinasaba hawahusiani naye. Wakala wa Nairobi hatakuuliza swali hilo. Bibi yako atakuuliza kabla hujamaliza kukaa kwenye mkeka.

Hata hivyo ndugu wa karibu ndiye asiyeweza kukataa kirahisi. Tufikirie kikao cha familia kijijini Tandahimba: mama mzazi yupo, wajomba wapo, dada mkubwa analia, shemeji ambaye ndiye aliyesomesha wadogo zake amekaa kimya pembeni, na mdogo mtu anaulizwa kama yuko tayari kumsaidia dada yake. Atasema nini? Ndiyo yake mbele ya watu wale haina uzito wa ridhaa. Kuna jambo lingine linalosemwa kwa nia njema na ambalo ni la hatari, kwamba achukuliwe binti ambaye bado hajaolewa na hajazaa, kwa kuwa hana mume wa kulalamika. Huyo ndiye ambaye mwongozo wowote wa kitabibu unamwondoa mwanzoni kabisa. Hajui mwili wake utabebaje mimba. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wanaobeba kwa mara ya kwanza, na hatari huongezeka pale yai linapokuwa la mwanamke mwingine. Na akipoteza kizazi katika uzazi huo, atakuwa amemzalia mwingine mtoto ambaye yeye mwenyewe hatampata kamwe.

Kwa hiyo anayekwenda bila wakala asidhani kwamba kazi za wakala zimefutika. Zimehamia kwake, na kuna mbili ambazo hawezi kuzifanya mwenyewe. Hawezi kumhoji mbeba mimba peke yake kwa haki, kwa sababu ana haja naye. Kazi hiyo apewe daktari au afisa ustawi wa jamii, faragha, na jibu la kukataa lirudishwe kwa familia kama jibu la kitabibu ili mwanamke asichukiwe. Na hawezi kuwa mtunza fedha. Fedha za matibabu, za lishe, za kipato kitakachopotea na za dharura ziwekwe kwa wakili au katika akaunti ambayo hakuna upande unaoweza kuzitoa peke yake. Ndugu wengi wataona aibu kuwekeana masharti hayo. Aibu hiyo ina gharama kubwa, maana anayeshindwa kuzungumzia fedha mwezi wa kwanza atazizungumzia mwezi wa nane, wodini, akiwa na hasira.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu makubaliano mengi yatavunjikia hapo. Mjamzito anapofika kliniki kwa hudhurio la kwanza anaulizwa jina, anaulizwa kama amekuja na mwenza wake, anapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu na kundi la damu, na majibu yanaandikwa kwenye kadi atakayotembea nayo hadi siku ya uchungu. Kishawishi kikubwa cha wanaojipangia wenyewe ni kumwandikisha mbeba mimba kwa jina la mke, ili mwishoni kila kitu kisomeke kana kwamba mke ndiye aliyejifungua. Anayeshauri hivyo, awe dalali au ndugu, anahatarisha maisha. Historia ya uzazi iliyomo kwenye kadi hiyo itakuwa ya mtu mwingine, kundi la damu linaweza kusomwa kutoka kwenye jalada lisilo lake, na mwanamke atakayetokwa damu usiku hospitali ya Ligula hana muda wa kuanza kueleza kwamba jina lake halisi ni jingine. Mbali na hatari hiyo, kutoa taarifa za uongo katika usajili wa kizazi ni kosa la jinai.

Baada ya kujifungua, kituo hutoa tangazo la kizazi, na jina la mama linaloandikwa ni la yule aliyezaa. Katika mpango wa RITA, taasisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5, ambao Lindi na Mtwara zimo, cheti huandikwa kwa mkono palepale kituoni au ofisi ya kata, bila malipo. Ni huduma nzuri mno kwa mzazi wa kawaida. Kwa wanandoa waliobebewa mimba ina maana kwamba ndani ya siku chache jina la mwanamke mwingine linaweza kuwa tayari liko kwenye cheti cha mtoto wao, na muuguzi aliyeliandika hakukosea lolote. Kama mbeba mimba ameolewa, jambo linazidi kuwa gumu, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inamchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa ni wa mume wa mwanamke huyo. Mume ambaye hakushirikishwa tangu mwanzo ana silaha mkononi, na hata asipokuwa na nia ya kuitumia, ndugu zake wanaweza kuwa nayo.

Kenya walikwisha kuonja tatizo hili. Katika kesi ya JLN iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014, mbeba mimba na wanandoa hawakuwa na ugomvi wowote kati yao. Pacha walizaliwa, hospitali ikajiuliza iandike jina la nani, ikamwita mkurugenzi wa huduma za watoto, na watoto wakachukuliwa na kupelekwa makao ya watoto. Mahakama ilisema hatua ya mkurugenzi ilivunja haki za wahusika, lakini ilieleza pia kwamba kwa kukosekana kwa sheria, aliyejifungua ndiye anayetambulika kuwa mama mpaka taratibu za kisheria zibadilishe hali hiyo. Mswada wa uzazi wa kusaidiwa umekuwa ukipelekwa na kurudishwa katika Bunge la Kenya kwa miaka mingi, ukisukumwa na Mbunge Millie Odhiambo. Mtanzania anayemfuata wakala wa Nairobi kwa kuamini kwamba huko mambo yamenyooka kisheria ajue kwamba wakala huyo amefanya biashara muda wote huo bila sheria inayomtaja.

Kwetu njia iliyo wazi kwa sasa ni kuasili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa kuasili kupitia Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Mtwara, kwa ridhaa ya wazazi na taarifa ya ustawi wa jamii. Inachukua muda, na inauma kuasili mtoto ambaye damu ni yako. Hata hivyo ni bora kuliko karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo watu wanaishika kana kwamba ni hukumu. Chini ya Sheria ya Mikataba, makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma hayana nguvu, na sioni wakili makini atakayemhakikishia mteja kwamba jaji ataona mkataba wa kumkabidhi mtoto tofauti na hivyo. Mbaya zaidi ni malipo yanayofungwa kwenye tukio la kukabidhi mtoto, kiasi fulani baada ya mtoto kupokelewa, kwa sababu hayo yanamsogeza mlipaji karibu mno na Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008. Malipo yafungwe kwenye miezi ya ujauzito, matibabu na kipato kilichopotea, na yaendelee hata mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa mfu.

Kuhusu dini nitapita haraka, kwa kuwa kila mtu ana kiongozi wake wa kumuuliza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikataza kubebewa mimba. Kabla ya hapo baraza jingine la Makka lilikuwa limeruhusu mke mwenza abebe mimba ya mwenzake kwa mume mmoja, kisha likaiondoa ruhusa hiyo mwaka uliofuata. Papa Francis naye aliomba Januari 2024 jambo hili lipigwe marufuku duniani kote. Ninayataja haya kwa sababu ya kiutendaji: hapa pwani na bara yake, hospitali kongwe kama Ndanda na Nyangao zimeanzishwa na wamisionari Wakatoliki, na mbeba mimba mwenye matatizo atapelekwa iliyo karibu. Atatibiwa, bila shaka. Lakini asitarajie kila mhudumu aione hali yake kuwa ya kawaida.

Halafu kuna umbali. Upandikizaji hufanyika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, na wiki za kwanza zinahitaji sindano, vipimo vya damu na kurudi kwa daktari kwa tarehe. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, magari yalikwama kwa siku kadhaa. Mjamzito wa aina hii angekwama nayo, na swali la nani analipia ndege au nyumba ya kulala wageni lingekuwa la kubishaniwa kwenye simu. Ndiyo maana napendekeza aliyeamua kujipangia amweke mbeba mimba chini ya daktari mmoja wa Dar es Salaam na daktari mmoja wa hapa, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, wanaojuana kwa majina na wanaoujua ukweli wote. Na kiinitete kiwe kimoja. Pacha ni furaha ya wanandoa, ila hatari yake anaibeba mwingine.

Iko sababu nyingine inayonifanya nimtilie shaka wakala zaidi ya ndugu. Biashara hii ina tabia ya kuhama. India ilipowafungia wageni mwaka 2015 na Thailand ikafanya hivyo mwaka huohuo, baada ya kisa cha mtoto Gammy aliyebaki na mbeba mimba wakati pacha wake akipelekwa Australia, mawakala walihamia Nepal, wakahamia Kambodia. Kambodia nayo ikapiga marufuku mwishoni mwa 2016, lakini biashara ikaendelea chini kwa chini, na mwaka 2018 polisi walipovamia waliwakuta wanawake zaidi ya 30 wakiwa wajawazito. Wanawake hao ndio walioshitakiwa kwa biashara ya binadamu, na waliachiwa kwa ahadi ya kuwalea watoto hao, ambao kwa wengi wao hawakuwa wa damu yao. Wateja walikuwa nchi nyingine. Mkoa ambao mabinti wake wamezoea kuchukuliwa na madalali kwenda kufanya kazi za ndani mjini, kwa nauli na ahadi tu, ungekuwa mahali pepesi pa kuvunia wanawake wa kubeba mimba, na wakala atakayekuja hatakuja na bango. Atakuja na mtu mnayemfahamu.

Nchi ya kuigwa, kwa maoni yangu, si Marekani wala Uingereza. Ni Afrika Kusini. Sura ya 19 ya Sheria yao ya Watoto, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka makubaliano yaandikwe na yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa. Mbeba mimba awe na mtoto wake mwenyewe aliye hai. Mume au mwenza wake aridhie. Malipo yawe ya gharama, kipato kilichopotea na bima tu. Na mtoto awe wa wanandoa tangu anapozaliwa, isipokuwa pale yai lilipokuwa la mbeba mimba, ambaye hupewa siku 60 za kubadili nia. Faida yake ni kwamba jaji anafanya uchujaji ambao kule New Jersey uliachiwa mtu mwenye maslahi, na anaufanya wakati ambapo bado inawezekana kusema hapana bila kumuumiza mtoto. Uwakala wa kibiashara haumo kabisa, na swali la wakala au mtu kwa mtu linabaki kuwa dogo, kwa sababu wote wanapita mlango mmoja. Ningeongeza jambo moja kutoka India, ambayo sheria yake ya mwaka 2021 inamtaka mbeba mimba akatiwe bima ya miezi 36, ili madhara yanayojitokeza baada ya kujifungua yasiwe mzigo wa familia yake.

Kifungu kitakachokuwa kigumu kuliko vyote tukijaribu kuiga sheria hiyo ni kile cha kuikatisha mimba. Afrika Kusini inasema uamuzi huo ni wa mbeba mimba, ingawa anatakiwa kuwajulisha wanandoa na kushauriana nao kwanza. Kanuni yetu ya Adhabu inamlinda daktari pale tu anapokuwa anaokoa maisha ya mama. Kwa hiyo makubaliano yoyote yanayoandikwa leo Mtwara au Lindi, yawe ya wakala au ya ndugu, yanayowapa wanandoa mamlaka ya kuamuru mimba itolewe kwa sababu ya kasoro iliyoonekana kwenye picha ya utrasaundi, au yanayomzuia daktari kuitoa pale maisha ya mwanamke yanapokuwa hatarini, hayawezi kutekelezwa. Na aliyeyaandika kwa malipo anapaswa kuulizwa alikuwa anamwakilisha nani.